Nywele kwenye Tuta la Tatu

Jumamosi, 1 Septemba 2018

Daftari hili nimepewa na Yasmin, binti wa marehemu dada yangu, anayesoma chuo pale Doornfontein. Kaniambia: "Mjomba, andika umepanda nini, wapi, lini, na umetia mbolea gani. Usiandike hadithi." Nimekubali. Mimi Bakiri wa Muheza nimeishia darasa la tano, lakini mwandiko wangu mwalimu mkuu alikuwa akiuazima kwa barua zake za wizarani.

Haya. Ua wa nyuma wa nyumba ya Bi Kidawa, hapa Troyeville, Joburg. Matuta manne, la kwanza liko ukutani, la nne liko karibu na bomba. Kuku kumi na mmoja wako ndani ya banda lisilo na sakafu. Banda lina mipini huku na huku kama machela, watu wawili wanalibeba. Linakaa juu ya ncha moja ya tuta wiki mbili, kuku wanachakura, wanakula wadudu na mbegu za magugu, wanaacha mbolea. Halafu linahamia tuta jingine, na sisi tunapanda pale lilipotoka. Bata saba wanazunguka vijiani kula konokono. Magugu yanaliwa na sungura. Hakuna kinachotupwa. Yasmin ana jina la Kizungu la mambo haya, refu kama treni. Babu yangu alifanya vivyo hivyo bila jina.

Mwenzangu ni Lambert, Mkongo wa Uvira, mlinzi wa usiku. Anapanga chumba cha uani na mkewe Hélène, mwenye saluni huko mbele ya barabara. Bata ni wake, kuku ni wangu. Mboji anaitengeneza yeye, matuta nayasimamia mimi. Bi Kidawa, Mzanzibari, mwenye nyumba, ametoa sharti moja: "Nakupeni msimu mmoja. Mwisho wa Machi, kama ua huu hauilishi nyumba hii, namwaga zege najenga vyumba vitatu." Nyumba ina watu tisa. Nikamwambia atakula mpaka aombe kupumzishwa.

Jioni nikamsimulia Lambert habari za kwetu. Nikamweleza chatu niliyemfunga fundo kwenye shamba la mkonge. Nikamweleza na mnazi wa babu uliogoma kuzaa miaka saba, babu akakusanya nywele za kijiji kizima walizonyoa kwa ajili ya Idi, akazifukia shinani, na mwaka ule nazi zikatoka na ndevu. Tulizinyoa kwanza ndipo tukazikuna.

"Vraiment?" Lambert akauliza, yaani "Kweli?"

"Wembe nilishika mimi," nikamwambia.

Wakongo wanapenda sana kusikiliza.

Jumatano, 12 Septemba

Upepo na vumbi. Banda limehama tuta la kwanza kwenda la pili. Nimebeba upande mzito.

Jumapili, 30 Septemba

Mvua bado. Nimemwagilia kwa ndoo. Lambert ametoka kazini asubuhi na mfuko mweusi wa plastiki, ameufunga mdomo. Nikamuuliza, "Nini hicho?" Akacheka tu: "Surprise, kaka." Mtu mzima na surprise.

Jumapili, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza jana alasiri, radi ikapasua mbingu, mtaa mzima ukazimika umeme. Nimepanda mahindi kingoni mwa matuta yote manne. Maharage na nyanya baadaye.

Lambert tena, mfuko mweusi. Safari hii alipita nyuma ya banda la sungura nisimwone. Nimemwona. Mimi niliwahi kumwona nyoka wa kijani kwenye mpapai wa kijani nikiwa juu ya baiskeli.

Jumamosi, 20 Oktoba

Leo naandika mlango nikiwa nimeufunga komeo.

Nilikuwa nachimba tuta la tatu, niweke miti ya kuegemeza nyanya. Jembe likaleta juu kitu cheusi, kama panya aliyekufa. Nikakishika. Nywele. Nywele za watu, konzi nzima, zimeshindiliwa udongoni. Nikachimba pembeni, nyingine. Nyeusi, nyingine na mvi. Nikasema labda ni uchafu wa zamani wa nyumba. Kisha nikaona nyekundu.

Hapa Troyeville mwanamume anayetia hina ndevuni ni mmoja, na mmoja huyo ndiye anayeandika. Ijumaa iliyopita nilipunguzwa ndevu kwenye saluni ya Hélène, na kijana wake wa mashine. Nikaushika ule unywele mwekundu juani, nikaulinganisha na kidevu changu kwenye kioo cha simu. Ni mimi. Nimefukiwa nikiwa hai, kwenye tuta langu mwenyewe.

Sikupiga kelele. Mtu mwenye akili hapigi kelele. Nikafukia kama palivyokuwa, nikanawa, nikasoma ninayoyajua. Lambert alipoamka saa nane mchana akaniita, "Kaka Bakiri, tuta la tatu unalionaje?" Kwa nini aulize la tatu? Kwa nini asiulize la kwanza?

Nikamjibu, "Zuri." Akatabasamu kama mtu aliyenunua kitu kwa bei ndogo.

Jumatatu, 22 Oktoba

Sijala chakula cha Hélène. Alileta sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli lenye maua. Nimewapa kuku. Kuku wazima, lakini kuku hawana ndevu.

Jumamosi, 27 Oktoba

Lambert na mkewe walikwenda mazishi mtaa wa La Rochelle kwa mtu wa kanisa lao. Nikapata nafasi. Nimefukua matuta yote, nimetoa nywele, nimetoa na mboji yake yote, toroli kumi na nne, nimeitupa nyuma ya ukuta. Nilifanya kazi ya watu sita. Aliporudi akaona.

"Kaka, mboji yangu imekukosea nini? Nimeipika miezi minne."

"Nitatafuta mbolea yangu."

"Lakini sababu?"

"Sababu unayo."

Akaniangalia, akamwangalia mkewe, Hélène akainua mabega. Wanajua kuigiza hawa watu.

Jumamosi, 3 Novemba

Siku ya ushindi. Abdulrahman, Mtanga mwenzangu mwenye pikapu, kanipeleka upande wa kusini kwenye mazizi ya farasi. Mbolea ya farasi! Safi, kavu, inanuka nyasi. Farasi mmoja mweupe aliniinamia kichwa. Mchungaji wa farasi akasema huyo hajawahi kumwinamia hata tajiri wake. Wameturuhusu kubeba bure. Nimetia tuta la kwanza, la pili na la tatu, nene kama godoro, na mimi fundi wa makochi najua godoro. La nne haikufika, nimetia mavi ya sungura tu. Masikini la nne.

Jumamosi, 17 Novemba

Maharage na nyanya vimeingia matuta yote manne. Mvua kila alasiri. Nimemwambia Bi Kidawa aandae masufuria.

Lambert ananisalimu, mimi naitikia kwa pua.

Jumatano, 28 Novemba

Yameota yote.

Jumatano, 5 Desemba

Kuna kitu.

Maharage ya tuta la kwanza majani yamejikunja kwa ndani, kama ngumi ya mtoto mchanga. La pili hivyo hivyo. La tatu ndiyo usiseme. Nyanya zimenyongeka shingo, vilele vimesokotwa kama kamba. Si ukame, kumelowa. Si wadudu, nimegeuza kila jani. La nne zima. Mahindi yote mazima, tena yamenawiri.

Nimekaa juu ya ndoo nikifikiri. Nywele nilitoa. Basi kuna kitu kingine aliweka, kirefu zaidi ya jembe langu.

Jumamosi, 8 Desemba

Leo yametokea.

Asubuhi nilinunua waya. Nikapiga vigingi katikati ya ua: matuta na kuku upande wangu, bata na lundo la mboji upande wa Lambert. Nyundo ikamwamsha. Akatoka na suruali ya kazi, fulana ya ndani, macho mekundu.

"Kaka Bakiri, hii ni nini?"

"Mpaka."

"Mpaka wa nini? Bata watapita wapi kula konokono?"

"Bata wako wabaki kwako na mambo yako yabaki kwako. Maharage yangu yananyongwa. Mtu ameweka vitu kwenye udongo."

"Vitu gani?"

"Unavijua."

"Mi sijui. Sema."

"Unavijua, Lambert! Nimeviona kwa macho yangu!"

Hélène alikuwa mlangoni na taulo kichwani. Bi Kidawa alikuwa dirishani. Yasmin alikuwa ametoka jikoni na kikombe cha chai. Lambert akashika waya kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Unaniita mchawi?"

"Sijasema mimi. Umesema wewe."

Nilifikiri atanipiga. Ningempiga mimi kwanza, niliwahi kuangusha mabaunsa watatu mpakani Beitbridge. Lakini hakupiga. Uso wake ulikuwa kama umemwagiwa jivu.

"Kwetu Uvira," akasema, "neno hilo walimwambia shangazi yangu. Mtu mmoja tu alilisema, sokoni, kwa sababu ya mbuzi wake aliyekufa. Wakachoma nyumba yake. Yeye alikuwa ndani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilibeba maji kwa sufuria." Akauachia waya. "Usiliseme tena hilo neno mbele ya bibi yangu Hélène."

Akaingia ndani. Yasmin akasema, "Eish, Mjomba," basi, akaondoka na chai yake.

Nimemaliza kufunga waya. Umenyooka vizuri.

Jumatatu, 10 Desemba

Bata wamekwenda. Lambert kawatia kwenye maboksi, kawapeleka La Rochelle kwa dada wa kanisa lao anaitwa Héritière. Vizuri. Ua umetulia.

Alhamisi, 20 Desemba

Konokono.

Jumamosi, 22 Desemba

Konokono tena. Wanakula la nne sasa, lile zima. Nimeokota ndoo moja.

Jumanne, 25 Desemba

Nimeokota mia tatu na kumi kabla ya chai. Hakuna mtu Joburg aliyewahi kuokota mia tatu na kumi. Hélène na Lambert wametoka kwenda kanisani wamevaa kitenge cha aina moja. Wamepita bila kunisalimu. Zamani Krismasi Hélène alikuwa akiniletea mandazi ya nazi, kwa heshima ya Tanga.

Jumamosi, 5 Januari 2019

Nimeng'oa maharage yote ya tuta la kwanza, la pili na la tatu, nimepanda upya. Safari hii nimesoma dua kwenye kila shimo.

Jumamosi, 12 Januari

Banda la kuku halihami. Lina mipini huku na huku, na mimi nina mikono miwili yote iko upande mmoja. Nimejaribu kulisukuma kwa bega, likamkanyaga jogoo mguu. Yasmin ana kazi ya likizo. Nikamwomba Abdulrahman, akasema mgongo. Kuku wako pale pale wiki ya tano, chini pamekuwa tope la kinyesi, wameanza kudonoana. Mayai manne kwa siku, yakawa mawili.

Jirani Mreno amemwambia Bi Kidawa kuhusu harufu. Nimesema ni upepo kutoka kwake.

Jumapili, 20 Januari

Maharage ya pili yameota, yamejikunja. Dua na yote.

Lambert hajagusa ua tangu Desemba, hilo nakiri, maana nimekuwa nikimchungulia kila asubuhi anapotoka kazini. Anapita na kopo lake la chakula, anaangalia waya, anaingia kulala. Basi dawa aliyoweka ni ya kudumu. Au anamtuma mtu. Nimemshuku kijana wa mashine. Nimemshuku Mreno. Jana nimemshuku Abdulrahman na mgongo wake.

Ndevu sinyolewi tena kokote. Nazinyoa mwenyewe, nazichoma.

Jumatano, 6 Februari

Mvua ya mawe. Dakika kumi tu. La nne limelala chali. Mahindi yamesimama, marefu kuliko mimi, kijani cha kung'aa kwenye matuta yale yale yaliyolaaniwa. Sielewi kwa nini mchawi apende mahindi.

Jumanne, 19 Februari

Sungura wawili wamekufa. Hakuna magugu ya kutosha, nilikuwa nawapa maganda.

Jumatatu, 25 Februari

Bi Kidawa kaniita sebuleni. Hakunikaribisha chai.

"Bakiri mwanangu, mjenzi kaja kupima. Kasema zege linaweza kumwagwa wiki ya kwanza ya Aprili."

"Msimu bado, Bi Kidawa."

"Msimu umenipa nini? Mayai yananuka, mahindi tutakula sie tisa siku mbili, na wapangaji wangu hawazungumzi. Mie nilitaka bustani, sikutaka mahakama."

Nikamwambia ninao ushahidi. Nimeandika kila kitu, tarehe na tuta. Aitishe kikao, nisome mbele ya watu, ajue nani kauua ua wake. "Jumamosi baada ya alasiri," akasema.

Sasa ataona.

Jumamosi, 2 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa. Yasmin alisema nisiandike hadithi.

Tulikaa uani, Bi Kidawa kwenye kiti, Lambert na Hélène kwenye benchi, Yasmin juu ya ndoo yangu. Nilivaa kanzu na koti. Nikafungua tarehe 20 Oktoba, siku ya nywele. Bi Kidawa akanikatiza: "Anza mwanzo, mwanangu. Kesi husomwa toka mwanzo."

Nikaanza mwanzo. Nilisoma vizuri, sauti ya redio. Matuta manne, banda, bata. Nikafika kwenye chatu, Yasmin akacheka. Nikafika kwenye mnazi wa babu. Nywele za kijiji kizima. Nikaendelea kusoma, lakini sauti ikaanza kupungua yenyewe, kama maji yanapokatwa kwenye bomba. "Vraiment, Lambert akauliza. Wembe nilishika mimi..."

Kidole kikabaki kwenye mstari huo.

Lambert alisimama. "Hizo nywele?" akasema. "Kaka Bakiri, yote haya ni kwa zile nywele?"

Hélène akaweka mkono mdomoni. Kisha akacheka, halafu akalia, vyote pamoja. "Papa Bakiri! Kila siku alikuwa akinisumbua: Hélène, usitupe nywele, Kaka Bakiri anajua dawa ya udongo, babu yake alifanya. Alikuwa anapita saluni anatoka kazini, na usingizi wake, anafagia mwenyewe! Na ndevu zako kaziweka kando, kasema za mwenye ujuzi ziende kwenye tuta zuri!"

"Nilitaka ushangae," akasema Lambert. "Nyanya zitoke kubwa, nikuambie: kaka, ulisema kweli."

Nikafunga daftari, nikalifungua tena.

Nikajaribu kujiokoa. "Sawa, nywele tuziache. Lakini maharage? Nani aliyanyonga?"

"Endelea kusoma, Mjomba," Yasmin akasema.

Nikasoma tarehe 3 Novemba. Mbolea ya farasi, tuta la kwanza, la pili, la tatu. La nne haikufika. Nikasoma tarehe 5 Desemba. La kwanza limekunjamana, la pili, la tatu. La nne zima.

Yasmin akaomba daftari, akaweka kidole hapa na kidole pale. "Unaona?"

Nilikuwa naona.

Akaeleza. Kuna dawa ya kuua magugu wanapiga kwenye mashamba ya nyasi za farasi. Haigusi nyasi, inaua yenye majani mapana. Farasi anakula, dawa inapita tumboni nzima nzima, inatoka na mavi, inakaa udongoni hata mwaka na zaidi. "Mahindi ni jamii ya nyasi, Mjomba, ndiyo maana yamenawiri. Maharage na nyanya si nyasi." Nikampigia mchungaji wa farasi simu pale pale, sauti nimeiweka wazi wote wasikie. Nikamuuliza kama nyasi zao hupigwa dawa.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Kila mwaka. Hukuuliza."

Bi Kidawa akakunja kanga yake. "Na huyu?" akamwonyesha Lambert. "Yeye ulimuuliza?"

Nikasema sikumuuliza.

"Toka Oktoba mpaka Machi. Mlango wake na wako hatua kumi."

Nikamwomba Lambert radhi mbele ya wote. Nilisema fupi, kwa sababu refu lingekuwa na chumvi. Nikamwomba Hélène radhi kwa lile neno. Lambert alimshika mkewe mkono wakaingia ndani.

Bi Kidawa alinyanyuka kwa kushika bega langu. "Mie sigeuzi nyoyo za watu," akasema kwa sauti ya kufika hadi chumbani kwa Lambert. "Lakini jambo hili linahitaji watu wawili. Kesho nikiamka nikaliona banda la kuku limehama pale lilipooza, nitampigia mjenzi asije. Nikilikuta pale pale, namwaga zege."

Nimeng'oa waya jioni. Umenikata kiganja. Najiuliza kama Lambert amenichungulia nikiung'oa, na anafikiri ni ujanja. Mimi ningefikiri hivyo.

Jumapili, 3 Machi

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa nimesimama kwenye mipini ya upande wangu. Kuku walinitazama. Jogoo mwenye mguu mbovu naye alinitazama.

Lambert akaja kutoka kazini, sare ya ulinzi, kopo la chakula mkononi. Akanipita. Akaenda mpaka mlangoni kwake, akaweka kopo chini, akasimama amenipa mgongo muda ambao ningeweza kusimulia hadithi nzima. Sikusimulia. Kisha akarudi, akasimama upande wa pili wa banda. Hakuinama.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema. "Nawe ujibu sawasawa."

"Uliza."

"Zile nazi. Zilitoka na ndevu?"

Babu yangu namuona mpaka leo, na mnazi wake, na mimi mtoto na wembe. Nimeisimulia Muheza, nimeisimulia Lusaka, nimeisimulia Beitbridge mpaka askari akanipa maji.

"Hapana," nikamwambia. "Mnazi haukuzaa. Tuliukata."

Lambert akanitazama. Kisha akainama, akashika mipini.

"Basi inua," akasema.

Banda limehama, kutoka tuta la pili kwenda la tatu. Upande mzito ulikuwa wake.